Turnitin inasema 87%, lakini kazi ni yangu: nifanyeje?

*"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Utafiti wangu nimeufanya mwenyewe, nimezunguka sokoni na madodoso mpaka viatu vikaisha. Kabla ya kukusanya nilipeleka kazi steshenari wanakopima asilimia, nikalipa elfu kumi, wakaniambia iko 19, niko salama. Baadaye nikarekebisha sura ya nne kama msimamizi alivyotaka, nikakusanya. Sasa msimamizi anasema imetoka 87. Aligeuza kompyuta nikaona mstari wa juu kabisa, 71%, umeandikwa jina la chuo cha nje ambacho hata sikijui. Ripoti amekataa kunipa. Anasema niandike barua ya kukiri, atanisaidia nisidisko (nisiondolewe chuo). Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa kufika mbele ya kamati. Ni kweli sura ya pili kuna aya nilizozitoa kwenye tasnifu za watu, lakini vyanzo vyote nimeviweka kwenye marejeo. Wenzangu wengine wanasema niende TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) moja kwa moja, wengine wanasema nimwage kila kitu Instagram. Je, mkopo wangu utakatwa? Nyumbani sijawaambia."*

Marahaba, mwanangu, na pole. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na ninachokiona ni kesi mbili zilizotiwa kwenye bahasha moja. Kubwa ni ile 71%, na kwa maelezo yako inaelekea huna hatia nayo. Ndogo ni sura ya pili, na hiyo, niseme ukweli, ni kosa. Usalama wako Ijumaa utategemea sana kama utaweza kuzitenganisha hizi mbili kabla kamati haijazipima kama kitu kimoja.

Tuanze na mashine yenyewe. Turnitin, programu ambayo vyuo huitumia kupima mfanano wa maandishi, haijui wizi ni nini. Inachofanya ni kulinganisha mfuatano wa maneno yako na ghala tatu: kurasa za intaneti, majarida na vitabu vilivyochapishwa, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo kutoka vyuo mbalimbali duniani. Ghala hii ya tatu ndiyo iliyokuponza. Turnitin haiuziwi mtu mmoja mmoja, inauzwa kwa taasisi. Kijana wa steshenari kwa hiyo hana Turnitin yake. Anatumia akaunti ya mhadhiri au darasa fulani la taasisi fulani, mara nyingi ya nje, ambayo imemfikia kwa njia anazozijua mwenyewe. Alipopandisha faili lako, kama mwenye akaunti hakuwa amechagua kazi zisihifadhiwe, nakala ilibaki ghalani, na ikabaki kwa jina la taasisi yenye akaunti. Msimamizi alipoipitisha kazi yako rasmi, mashine ikakuta kazi ileile imeshafika, ina mwenyewe. Ndiyo maana umeliona jina la chuo usichokijua.

Na ona jambo hili linavyokuunga mkono: imetoka 71, haikutoka 100. Sura ya nne uliibadilisha baada ya kutoka steshenari. Ukikuta kwenye ripoti kwamba sehemu zisizofanana na "kazi ya chuo cha nje" ni zilezile ulizoziandika upya kwa maagizo ya msimamizi, maelezo yako yanapata miguu.

Sijaiona ripoti, kwa hiyo siwezi kuapa. Upo uwezekano wa pili: kwamba faili lako liliuzwa na mwanafunzi mwingine akalikusanya kama lake. Kwa vyovyote vile, kinachotakiwa ni tarehe ambayo hiyo kazi nyingine iliingia ghalani, na kazi yenyewe. Mhadhiri anaweza kutuma ombi, humohumo kwenye mfumo, la kuiona kazi iliyohifadhiwa na chuo kingine. Ombi linakwenda kwa mwalimu wa upande wa pili, ambaye anaweza kukubali, kukataa, au kunyamaza tu. Omba lifanyike, lakini usiweke matumaini yako yote hapo. Ghala hilo pia halifutiki kwa mwanafunzi kulalamika wala kwa steshenari kurudisha hela. Ombi la kufuta linapitia kwa mwenye akaunti au msimamizi wa mfumo katika taasisi ile.

Jambo la hesabu ambalo hata wahadhiri wengine hulipita. Pale panapogongana vyanzo viwili kwenye maneno yaleyale, Turnitin humpa alama yule mwenye mfanano mkubwa, na mdogo hufichwa chini yake. Kile chanzo cha 71% kikiondolewa kwenye hesabu (na kinaweza kuondolewa kwa kubofya, kisha ripoti ikajihesabu upya), usitegemee namba ishuke hadi 16. Zile aya za sura ya pili zilizokuwa zimejificha chini yake zitajitokeza na majina ya wenyewe. Inaweza kukaa 25, inaweza kukaa 30. Jiandae, isije ikakushtua mbele ya watu.

Hakuna asilimia ambayo ni hatia. Vyuo vingi huweka kikomo, lakini kikomo kazi yake ni kumwambia msomaji asimame asome. Nimeona kazi ya 8% ambayo ilikuwa wizi mtupu, kwa sababu hiyo 8 ilikuwa ni matokeo ya utafiti wa mtu mwingine, na kazi ya 35% isiyo na doa, iliyojaa majina ya sheria, vichwa vya sura vya chuo na dodoso lililobandikwa kwenye viambatisho. Mtu akikuambia "87 haina mjadala", anakuambia kwamba hajafungua kurasa za ndani.

Sasa sura ya pili. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu imani uliyonayo ndiyo imani ya nusu ya wanafunzi wa nchi hii: kwamba ukishaliweka jina la mwandishi kwenye marejeo, umemaliza deni. Hujamaliza. Tuseme tasnifu ya mtu imeandika: "Wafanyabiashara wadogo hushindwa kurejesha mikopo kutokana na riba kubwa na muda mfupi wa marejesho." Wewe ukaandika sentensi hiyohiyo, ukatia jina na mwaka mwishoni. Umemwambia msomaji wazo ni la fulani, lakini bado unamwambia maneno ni yako. Ungeweka alama za kunukuu na ukurasa, au ungesoma, ukafunga kitabu, ukaandika kwa kauli yako: kwamba kwa mujibu wa fulani, kinachowaangusha wakopaji wa sokoni ni riba na ratiba ya marejesho isiyowapa nafasi ya kuzungusha mtaji. Kubadilisha "hushindwa" kuwa "hukosa uwezo wa" hakukuokoi. Na jina likiwa kwenye orodha ya mwisho tu, bila kutajwa pale aya ilipo, ndiyo mbaya zaidi.

Hata hivyo kosa hili lina daraja lake. Aliyenakili aya za mapitio ya machapisho akawataja wenyewe vibaya hayuko daraja moja na aliyenunua utafiti mzima. Kanuni za vyuo vingi huacha nafasi ya adhabu kuanzia kuagizwa kurekebisha, kupewa sifuri kwenye kazi hiyo, kusimamishwa, mpaka kufukuzwa. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, kile kitabu mlichopewa mwaka wa kwanza mkakitupa chini ya kitanda, uone maneno kamili. Usisome muhtasari wa mtu kwenye grupu la WhatsApp.

Kuhusu barua ya kukiri: usiiandike kama alivyokuambia. Simdhanii msimamizi vibaya. Inawezekana anaamini kabisa kwamba anakuokoa, maana mwenye kukiri mara nyingi huonewa huruma. Lakini yeye ndiye aliyekulalamikia, siye anayetoa hukumu, na hawezi kuiahidi kamati nzima. Barua inayosema "nakiri kunakili utafiti huu" ikishaingia faili, haitoki. Ukikata rufaa baadaye, ndiyo itakayosomwa kwanza. Kukana kila kitu nako ni kujichongea: kamati ikiona aya tatu za sura ya pili neno kwa neno, haitakuamini tena hata kwa lile la kweli.

Andika barua ya maelezo, ukurasa mmoja na nusu unatosha, yenye sehemu mbili zilizo wazi. Kwa kauli yako mwenyewe, kitu kama hiki: "Utafiti huu nimeufanya na kuuandika mimi. Tarehe fulani niliupeleka steshenari kupimwa asilimia, na naamini nakala iliyohifadhiwa siku hiyo ndiyo inayoonekana kama chanzo cha 71%. Naomba chanzo hicho kichunguzwe tarehe yake. Kuhusu sura ya pili, nakiri kwamba katika kurasa zifuatazo nimetumia maneno ya waandishi bila alama za kunukuu. Naambatisha sura hiyo ikiwa imerekebishwa." Taja kurasa. Ambatisha sura iliyorekebishwa kweli, si ahadi. Hilo la steshenari liseme mwenyewe kabla hujaulizwa, kwa sababu huenda kanuni zenu zinakataza kazi kupitishwa kwenye akaunti za nje, na jambo ukilisema wewe lina uzito tofauti na likigunduliwa. Na barua hiyo, tafadhali, usiende kuichapa steshenari ileile.

Pamoja na maelezo, leo au kesho, peleka barua nyingine fupi kwa katibu wa kamati, nakala kwa Mkuu wa Idara: unaomba tuhuma kwa maandishi ikitaja kanuni unayodaiwa kuivunja, na nakala kamili ya ripoti, siyo ukurasa wa kwanza wenye namba. Hii siyo jeuri. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho" fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kamati ya chuo ni chombo. Mtu hawezi kusikilizwa kwa ukamilifu juu ya karatasi asiyoiona. Ukinyimwa ripoti mpaka Ijumaa, omba tarehe isogezwe, kwa maandishi vilevile. Toa nakala mbili za kila barua. Moja iache masjala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Nimeona rufaa nzuri zikifa kwa sababu mwanafunzi "alimweleza kwa mdomo" mtu ambaye baadaye hakumbuki.

Ushahidi wako ni mwingi kuliko unavyodhani. Madodoso yaliyojazwa kwa mkono, yote, hata yale yaliyochafuka. Barua ya utambulisho uliyoonyesha sokoni. Faili la data. Rasimu zenye maoni ya msimamizi, na ujumbe mliotumiana. Muamala wa ile elfu kumi kama ulilipa kwa simu, kwa sababu una tarehe na saa, na kama meseji umeifuta, kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala. Faili la Word lina kumbukumbu ya ndani ya tarehe lilipoanzishwa na muda uliotumika kuliandika. Tengeneza nakala kwenye flashi nyingine, lile la asili usilihifadhi upya. Kijana wa steshenari usiende kumgombeza, unamhitaji. Mwombe kistaarabu akutumie ile ripoti ya 19%, maana yenyewe ina tarehe na namba ya utambulisho wa kazi, na hiyo ikilingana na kile chanzo cha 71%, mjadala umekwisha.

Halafu kuna ushahidi ambao wanafunzi hawaufikirii. Omba kamati ikuhoji juu ya kazi yenyewe. Kwa nini ulichagua soko lile na siyo lingine, swali gani kwenye dodoso watu walilikwepa, jedwali la tatu lilitoka wapi. Aliyenunua kazi hukwama dakika ya pili. Aliyezunguka juani mpaka viatu vikaisha huanza kusimulia na ni kazi kumnyamazisha.

Ijumaa yenyewe, fika mapema, vaa kawaida ya heshima, jibu ulichoulizwa. Kamati nyingi zina mwakilishi wa serikali ya wanafunzi, mwone kabla, ajue suala lako lina sehemu mbili. Kama kanuni zinaruhusu kuja na mtu, njoo naye. Mara nyingi mtihani mkubwa siku hiyo ni hasira.

Uamuzi ukikuumiza, ndipo rufaa inaanza, na hapa watu huchanganya milango. Rufaa ya alama, ile ya kuomba karatasi isahihishwe upya, mara nyingi ina ada yake na fomu yake, na siyo hii. Rufaa ya adhabu ya nidhamu huenda ngazi ya juu ya ile iliyoamua, na kwenye vyuo vikuu vingi mwisho wake ni Seneti au kamati yake. Muda wake huhesabiwa kwa siku kuanzia tarehe ya barua ya uamuzi, na huwa mfupi. Usisubiri mihemko itulie. Mlango wa tatu ni malalamiko dhidi ya mwenendo wa mtu: kwa mfano kunyimwa ripoti, au kushinikizwa kukiri. Hayo hupelekwa kwa Mkuu wa Idara, kisha Amidi (Dean) au Rasi wa Ndaki (Principal), au kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ushauri wangu ni kwamba usiufungue mlango wa tatu wiki hii. Kunyimwa ripoti kutaje kama hoja ndani ya kesi yako kwanza. Ukimshtaki msimamizi kabla ya Ijumaa, kamati itageuka kusuluhisha ugomvi, na ripoti haitasomwa na mtu.

Isipokuwa kitu kimoja. Ikiwa kuna yeyote, sasa au baadaye, atakayekwambia mambo yataisha kwa fedha au kwa mwili wako, hapo hakuna cha ngazi wala subira. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Huko kwenye ujumbe wako sijaona dalili yake, nasema kwa ajili ya wengine watakaosoma.

TCU je? Tume ya Vyuo Vikuu inasimamia ubora wa vyuo na inapokea malalamiko, lakini haisahihishi kazi wala haiketi badala ya kamati ya chuo. Ukienda leo swali la kwanza litakuwa: chuo kimesema nini? Nenda huko ukiwa na uamuzi wa mwisho mkononi, au chuo kikikataa kabisa kuifuata kanuni yake. (Walio vyuo vya kati, mwenzake TCU kwenu ni NACTVET.) Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hushughulikia uonevu wa kiutawala, na huduma yake ni bure. Mahakama Kuu ipo, kwa njia ya mapitio, na kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Lakini jaji hatasoma sura ya pili yako. Ataangalia kama ulisikilizwa, kama waliokaa walikuwa na mamlaka, kama kanuni ilifuatwa. Mara nyingi atauliza pia kama ulimaliza ngazi za ndani. Ndiyo sababu nakusumbua na mihuri ya masjala.

Instagram hapana. Ukimtaja mhadhiri kwa jina na ukashindwa kuthibitisha, unajitengenezea kesi ya tatu, na huenda ya nne chini ya kanuni za nidhamu za chuo. Video ikishasambaa, hata walio upande wako kwenye kamati watalazimika kunyamaza.

Mkopo: Bodi ya Mikopo haikati fedha kwa sababu ya tuhuma. Inafuata taarifa za usajili na matokeo zinazotoka chuoni. Ukiagizwa kurekebisha sura ya pili na kuhitimu kwa kuchelewa, zungumza na afisa mikopo wa chuo mapema. Ukisimamishwa masomo, malipo husimama nawe. Ukidisko, kilichokwisha kulipwa kinabaki deni lako. Sikufichi hilo, ila kwa nilichokisoma hapa, bado uko mbali nako.

Kuna mambo ya kuonana uso kwa uso. Mwone Mshauri wa Wanafunzi kabla ya Jumatano, ukiwa na barua zako. Kama barua ya kuitwa inataja kufukuzwa, au kama uamuzi utatoka bila wewe kusikilizwa, tafuta mwanasheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure kwa asiye na uwezo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mojawapo ya mahali pa kuanzia. Na kama usingizi umekata, chakula hakipiti, au unawaza mambo ya kujidhuru, ofisi ya unasihi ya chuo au hospitali iliyo karibu iwe leo, siyo baada ya Ijumaa. Nyumbani chagua mtu mmoja umwambie, dada, mjomba, yeyote asiyepiga kelele. Barua ya chuo ikiwafikia kabla yako, utakuwa na kikao kingine cha kujitetea, na kile hakina kanuni.

Ukipata nakala ya ripoti, funika jina lako na namba ya usajili, unitumie kurasa zenye orodha ya vyanzo pamoja na ile ripoti ya 19% ya steshenari. Nitazisoma kabla ya Alhamisi jioni, nikuambie ni kurasa zipi za sura ya pili uzitaje kwenye barua.